Dalali wangu amekula kwangu na kwa mnunuzi: nimlipe kamisheni?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi na wadogo zangu wawili tunauza nyumba aliyotuachia marehemu baba. Tulimpa dalali kwa maandishi, awe peke yake kwa miezi sita, kamisheni asilimia 3. Mnunuzi kapatikana, mkataba wa mauzo tumeshasaini, na malipo ya awali ya asilimia 10 yako kwa dalali. Sasa nimepata habari mbili zinazoninyima usingizi. Ya kwanza: wiki mbili kabla hatujasaini, kuna mama mmoja aliyekuwa tayari kutoa kama asilimia 8 zaidi ya bei tuliyouzia. Dalali alituambia tu, "yule hapokei simu". Ya pili: mnunuzi mwenyewe, tukiongea mambo ya kawaida, kasema naye alimpa dalali "kitu kidogo cha kusogeza mambo". Dalali anasema atakata kamisheni yake kwenye malipo ya awali, kisha atukabidhi kinachobaki. Je, nimlipe? Naweza kuvunja mauzo? Na ningemjuaje mapema, wakati ofisini kwake ukutani pametundikwa vyeti vinne?

JIBU: Dada, poleni kwa msiba na pole kwa usingizi uliopotea. Vyeti nitavirudia. Nianze na pesa, maana ndiyo inayoweza kutoweka wakati sisi tunajadili maadili.

Usimlipe bado, na muhimu zaidi, asijilipe. Kama anastahili kamisheni au hastahili, hilo tutaliona. Lakini dalali anayekata chake kwenye pesa anayoishika kwa niaba ya wengine, bila idhini ya maandishi, amejifanya mdai, hakimu na mtunza hazina kwa wakati mmoja. Chukua mkataba wenu wa uwakala utafute kifungu kinachosema kamisheni inaiva lini. Mingine husema inaiva mkataba wa mauzo ukisainiwa. Mingine husema mpaka mauzo yakamilike, yaani pesa yote iingie na umiliki uhame. Kama wenu haukusema lolote, usidhani kwamba ukimya huo ni wa faida yake. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya Wells dhidi ya Devani, ambapo dalali na mwenye nyumba walikuwa wameelewana kwa simu tu na hawakutaja kabisa siku ya malipo. Majaji walimpa dalali haki yake, lakini walisema kwamba mtu yeyote mwenye akili timamu angeelewa kuwa kamisheni ya namna ile inalipwa mauzo yakikamilika, tena kutoka kwenye pesa ya mauzo. Yenu hayajakamilika. Basi anakata nini?

Sasa tuingie kwenye kiini. Neno dalali tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni mtu anayeonyesha njia. Watu wengi, hata madalali wenyewe, bado wanaiona kazi hiyo hivyo: mtu wa kati, anamwonyesha huyu nyumba, anamwonyesha yule mteja, kila upande unampa chochote kitu, maisha yanaendelea. Kwa mwonyesha njia hilo halina ubaya. Lakini siku mliposaini naye, mkamkabidhi nyumba ya baba yenu peke yake kwa miezi sita, aliacha kuwa mwonyesha njia. Akawa wakala wenu. Wakala havuki huku na kule kama kivuko. Amesimama upande mmoja wa meza, na upande huo ni wenu. Kila kanuni ya taaluma hii, iwe imeandikwa kwenye sheria ndefu au kwenye karatasi moja ya chama cha madalali, inatoka hapo: asichukue pesa kwa siri, asifiche ofa, asichanganye pesa zenu na zake, asinunue mwenyewe kupitia shemeji yake bila kuwaambia.

Kwa hiyo hicho "kitu kidogo" si kidogo. Kuna kesi ya Kiingereza ya mwaka 1903, Andrews dhidi ya Ramsay, ambayo ningependa kila dalali aijue kabla hajakabidhiwa ufunguo wa mtu. Mwenye mali aliahidi pauni 50 za kamisheni. Mali ikauzwa kwa pauni 2,100, dalali akachukua 50 zake. Baadaye ikagundulika kwamba mnunuzi naye alimpa pauni 20 pembeni. Zile 20 zilirudishwa kwa mwenye mali, na wengi wangedhani mambo yameishia hapo. Yeye akarudi mahakamani kudai na zile 50 pia, akashinda. Hoja ya majaji ilikuwa nyepesi: kamisheni ni malipo ya kazi iliyofanywa kwa uaminifu, na hii haikufanywa kwa uaminifu, basi hakuna cha kulipa. Haikujalisha kama bei ilikuwa nzuri. Haikujalisha kama mwenye mali alipata hasara.

Msimamo huo haukubaki Uingereza. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo sheria za mikataba za nchi kadhaa zilifuata nyayo zake, inasema wakala aliyekosa uadilifu katika shughuli aliyopewa hana haki ya ujira kwa sehemu ile aliyoiharibu. Mnaweza kukuta kifungu cha namna hiyo kwenye sheria yenu wenyewe. Mwambieni wakili akitafute.

Ila kuna jambo moja uliangalie kwa makini kabla hujamwita mwizi. Kupokea kutoka pande mbili si kosa kila mahali. Kosa ni siri. Hong Kong inaruhusu dalali mmoja ahudumie muuzaji na mnunuzi, mradi wote wawili wamejulishwa kwa maandishi. Singapore imekataa kabisa: mtu wa mauzo, yaani dalali, hawezi kuwakilisha pande zote mbili katika mauzo yaleyale. Kwa hiyo soma mkataba wenu tena, hasa yale maandishi madogo ya nyuma. Ukikuta pameandikwa kwamba wakala anaweza kupokea ada kutoka upande wa pili, kesi yako inadhoofika, ingawa haifi. Kumwambia mtu "huenda nikapokea" si sawa na kumwambia "nimepokea, kutoka kwa fulani, kiasi hiki". Mteja hawezi kuridhia jambo asilolijua ukubwa wake.

Kuna pia jambo ambalo si kosa ingawa linauma, nalo nalitaja kwa sababu naletewa malalamiko yake mara kwa mara. Dalali anaweza kuwa na nyumba kumi za watu kumi mtaa mmoja. Anaweza kuuza ya jirani yako kwa mnunuzi yuleyule anayeitaka ya kwako, asikwambie. Hilo lilitokea Bermuda, likafika mpaka Baraza la Faragha mjini London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa visiwa hivyo, katika kesi ya Kelly dhidi ya Cooper. Bilionea mmoja alikuwa ananunua nyumba mbili zinazopakana kupitia dalali mmoja. Mwenye nyumba ya pili alisema, lau ningejua, ningepandisha bei. Akashindwa. Kazi ya dalali ni kuwa na wateja wengi, na siri ya mteja mmoja haiwi mali ya mwingine. Kwa hiyo usijenge hoja yako kwenye "alikuwa na wateja wengine". Ijenge kwenye mawili yale uliyonayo.

Ile ofa iliyofichwa ndilo jambo kubwa, na nahofia hujaliona ukubwa wake. Umeandika sana juu ya kamisheni, lakini piga hesabu. Chukulia bei mliyouzia ni 100. Kamisheni ni 3. Yule mama alikuwa anatoa 108. Mngemuuzia yeye, mngelipa kamisheni ya 3.24, mkabaki na 104.76. Sasa mnabaki na 97. Kilichoondoka mikononi mwenu ni 7.76, zaidi ya mara mbili ya kamisheni mnayogombania. Dalali akikuita kesho akasema, "haya dada, yaishe, nimekusamehe kamisheni", ujue anajaribu kununua 7.76 kwa 3.

Dalali ana wajibu wa kukufikishia kila ofa, na wajibu huo haukomi ukisema "sawa" kwa mnunuzi wa kwanza. Unakoma mkataba wa mauzo unapowafunga kisheria. Haya nayo yaliamuliwa zamani, katika kesi ya Keppel dhidi ya Wheeler, miaka ya 1920. Mwenye mali alikuwa amekubali pauni 6,150, lakini makubaliano hayajawa mkataba kamili. Ikaja ofa ya 6,750. Dalali, akiamini kazi yake imekwisha, hakumwambia mwenye mali. Mahakama iliamuru alipe tofauti, pauni 600. Lakini ilimwachia kamisheni yake! Kwa nini huyu aliachiwa na yule wa 1903 akanyang'anywa? Kwa sababu huyu alikosea kwa kutojua wajibu wake, na yule alijua anachofanya. Kwako wewe ofa ilikuja wiki mbili kabla ya kusaini, na hukuambiwa kwamba ipo. Uliambiwa mtu hapokei simu. Kama yule mama ana kumbukumbu za simu zinazoonyesha alipokea, au yeye ndiye aliyekuwa anapiga, hapo kukosea kumegeuka kudanganya.

Ofa kubwa si lazima iwe ofa bora, na dalali wako ataliegemea hilo. Atasema mama yule alitegemea mkopo, au alikuwa na nyumba yake ya kuuza kwanza, wakati mnunuzi wenu alikuwa na pesa mkononi. Huenda ni kweli. Nimeona wauzaji wakikataa ofa ya juu kwa sababu hiyo na hawakujuta. Lakini uamuzi ule ulikuwa wenu ninyi watatu, si wake. Yeye alitakiwa aseme, "kuna ofa mbili, hii ni kubwa lakini ina masharti, mimi nashauri hii ndogo". Hiyo ndiyo kazi unayomlipia. Kwa upande wenu, jiandaeni kwa swali ambalo mahakama au msuluhishi atauliza: je, yule mama kweli angenunua? Mtafuteni kwa upole. Hana deni kwenu. Mwombeni maelezo mafupi ya maandishi: alitoa ofa ya kiasi gani, tarehe gani, kwa njia ipi, pesa ilikuwa inatoka wapi. Ujumbe mmoja wa simu wenye tarehe una thamani kuliko hasira ya ukoo mzima.

Kuhusu kuvunja mauzo, hapa naenda taratibu. Kwa kanuni za jumla za uwakala, mnunuzi aliyemhonga wakala wa muuzaji anaweza kupoteza mkataba wake. Muuzaji ana haki ya kuukataa. Lakini mnunuzi wenu alikutamkia jambo lile waziwazi, kwenye mazungumzo tu. Mtu aliyehonga huwa hasimulii. Inawezekana aliambiwa ile ni ada ya kawaida ya kuandaa nyaraka, naye kaliwa kama ninyi. Ukimshtaki kama mshirika wa dalali utampoteza shahidi wako bora. Mkataba mmeusaini, na kuukiuka bila sababu ya kutosha kunaweza kuwageuza ninyi kuwa wadaiwa. Ningekuwa mimi, ningeyaacha mauzo yaendelee, ningemwomba mnunuzi nakala ya risiti au ujumbe wa malipo aliyompa dalali, na ningemwelekezea dalali moto wote. Neno la mwisho liwe la wakili aliyeusoma mkataba wenyewe, tena kabla ya siku ya kukamilisha.

Sasa ile asilimia 10. Nilipoanza kazi hii, kijana, bosi wangu wa kwanza alikuwa na daftari moja lenye jalada jekundu. Upande wa kushoto majina ya wateja na pesa walizoweka, upande wa kulia mishale. Mshale ulimaanisha pesa ya huyu imelipa kodi ya pango ya yule, na ya yule itafidiwa mteja mpya akileta. Hakuwa jambazi, alikuwa anakuja na senti zake, anacheka na wateja, anahudhuria misiba yao. Alikuwa na akaunti moja ya benki kwa kila kitu: mishahara yetu, mafuta ya gari, malipo ya awali ya watu. Mwezi mmoja mauzo matatu yaliahirishwa kwa mpigo na mishale ikakosa pa kwenda. Siku ile ndipo nilipoelewa kwa nini sheria zinakazania jambo linaloonekana la kikarani namna hii, yaani akaunti ya wateja iliyotengwa. Mali bila daftari huisha bila habari, lakini hata penye daftari, kama akaunti ni moja, mali huisha vilevile, ila unakuwa na habari zake.

Akaunti ya wateja maana yake pesa ile si ya dalali hata kwa dakika moja. Ameishika kama amana tu. Akifilisika, wanaomdai hawatakiwi kuigusa. Uingereza iliingiza hilo kwenye Sheria ya Mawakala wa Nyumba ya 1979, miaka michache baada ya kesi ya dalali aliyekusanya malipo ya awali ya nyumba moja kutoka kwa watu kadhaa kisha akatoweka. Mmoja wa wanunuzi alimshtaki mwenye nyumba, na mahakama ya juu ikasema mwenye nyumba hakuwahi kumruhusu dalali apokee pesa ile kabla ya mkataba, basi hawezi kubeba mzigo wake. Mnunuzi akala hasara. Singapore ilichagua njia ya mkato: mtu wa mauzo haruhusiwi kabisa kushika pesa ya mauzo ya nyumba. Mimi naiunga mkono kwa mikono miwili. Dalali asiyeshika pesa hana cha kukata.

Kwako wewe jambo lina uzito wa ziada, kwa sababu malipo ya awali yalitolewa baada ya mkataba kusainiwa. Angalieni mkataba wa mauzo unasemaje: dalali ameishika pesa kwa niaba yenu, au ameishika katikati kwa niaba ya pande zote mbili mpaka mauzo yakamilike? Kama ni kwa niaba yenu na ikapotea, hasara inaweza kuwaangukia ninyi, na mnunuzi atadai ahesabiwe kuwa ameshalipa. Kama ni katikati, hawezi kuwapa ninyi wala kujikatia yeye bila mnunuzi kukubali. Kwa namna yoyote utakayoisoma, "nitakata changu kwanza" haina mahali pa kukaa.

Mwandikieni leo. Msimpigie simu, simu zimeshawadanganya mara moja. Barua au barua pepe iwe fupi, isiyo na tusi, na isainiwe na ninyi watatu, maana dalali mjanja huanza kwa kumtafuta mdogo wenu wa mwisho na kumwambia dada yenu mkubwa anaharibu biashara. Maneno yawe kama haya:

"Tunaomba utueleze kwa maandishi ndani ya siku saba: (a) malipo ya awali yako benki gani, kwenye akaunti ya jina gani, na utuletee taarifa ya benki inayoonyesha salio, (b) ofa zote ulizopokea kwa nyumba yetu, tarehe zake na njia uliyotujulisha kila moja, (c) malipo yoyote uliyopokea au kuahidiwa na mtu mwingine kuhusiana na mauzo haya. Haturuhusu makato yoyote kwenye malipo ya awali mpaka tukubaliane kwa maandishi. Haki zetu zote tunazihifadhi."

Msitaje kwamba mnamjua yule mama. Msitaje alichosema mnunuzi. Muulizeni, mnyamaze, msome majibu yake. Akitaja ofa zote na malipo yote kwa uwazi, mna mtu mnayeweza kukaa naye mezani. Akiacha ile moja mnayoijua, ameshawapa ushahidi kwa saini yake mwenyewe.

Baada ya hapo ngazi ni hizi: malalamiko rasmi kwa mkuu wa kampuni yake, kama anayo, kisha chombo cha usuluhishi au bodi inayosimamia madalali, kama nchi yenu inayo, kisha mahakama. Kama pesa haionekani kwenye akaunti aliyoitaja, ruka ngazi zote uende polisi na kwa wakili siku hiyohiyo, maana amri ya kuzuia akaunti ina faida ikiwahi tu.

Nimesema "kama nchi yenu inayo", na hapa ndipo vile vyeti vinne vinapoingia. Cheti kinasema alihudhuria. Hakisemi nani anaweza kumfungia. Nikiingia ofisi ya dalali nisiyemjua huwa siangalii ukutani, namuuliza swali moja: "Nikikulalamikia, napeleka wapi, na wanaweza kukufanya nini?" Mwenye taaluma hujibu bila kukunja uso, kwa sababu ameshawahi kuulizwa, au ameshawahi kulalamikiwa. Mwingine hukwambia hajawahi kugombana na mteja.

Nchi zimelishughulikia hili kwa njia tofauti sana. Kenya ina Sheria ya Mawakala wa Nyumba tangu 1984, yenye bodi ya usajili. Singapore, chini ya sheria yake ya 2010, ina rejista ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua na kutafuta jina la mtu wa mauzo kabla hajampa mkono. Afrika Kusini ilienda mbali zaidi kwa sheria iliyoanza kufanya kazi Februari 2022: dalali asiye na cheti cha mfuko wa dhamana, ule unaofidia wateja walioibiwa, hana haki ya kamisheni hata kama kauza. Naipenda kanuni hiyo kuliko faini yoyote. Faini inamgusa aliyekamatwa, lakini kunyimwa kamisheni kunamkamata kila mtu, na wanaomkamata ni wateja wenyewe. Uingereza, ambayo kesi zake nimezitaja hapa mpaka mnachoka, kwa miongo mingi haikuweka leseni. Yeyote aliweza kufungua ofisi ya udalali asubuhi na kuuza nyumba jioni, na serikali ikabaki na uwezo wa kumpiga marufuku akishaharibu. Walichofanya ni kumlazimisha kila dalali wa mauzo, tangu Oktoba 2008, awe mwanachama wa chombo cha usuluhishi kilichoidhinishwa, ili mteja apate pa kulalamikia bila kulipia kesi. Na Marekani, ambako leseni zipo muda mrefu, bado mwaka 2024 chama kikuu cha madalali kilikubali kulipa dola milioni 418 kumaliza mashtaka ya wauzaji waliosema mfumo wa kugawana kamisheni uliwaumiza. Tangu Agosti mwaka ule, mnunuzi anayefanya kazi na dalali chini ya mfumo huo lazima asaini naye makubaliano ya maandishi kuhusu malipo kabla hawajaenda kuona nyumba. Kwa hiyo leseni pekee haikutosha hata kule. Kilichotakiwa ni kila mtu ajue nani anamlipa nani, na kiasi gani.

Ukirudia kuuza siku nyingine, au wadogo zako wakiuza, angalieni neno moja kwenye mkataba ambalo huwapita wengi. "Wakala pekee" ina maana hakuna dalali mwingine, lakini ukimpata mnunuzi mwenyewe, binamu yako kwa mfano, hudaiwi kamisheni. "Haki pekee ya kuuza" ina maana unadaiwa hata ukimuuzia binamu. Maneno yanafanana kama mapacha, na karatasi huwekwa mbele yako wakati umeshapewa kalamu. Tazameni pia kama mkataba unakwisha wenyewe au unaendelea mpaka mwandike barua, na kama dalali anadai kamisheni kwa mnunuzi atakayejitokeza baada ya muda kwisha. Kudai kwa mtu aliyemleta yeye ni haki. Kudai kwa yeyote atakayepita barabarani, hapana.

Swali lako la mwisho, ungemjuaje mapema: huenda usingemjua. Ungeweza tu kumwekea mazingira ambamo kudanganya ni kugumu. Ofa zote zije kwa maandishi na nakala ziwafikie ninyi watatu papo hapo. Pesa iende kwa wakili au akaunti ya wateja yenye jina linaloonekana. Mstari mmoja kwenye mkataba useme kwamba malipo yoyote kutoka upande wa pili yasiyotangazwa yanafuta kamisheni. Dalali mwaminifu huusaini mstari huo bila kuusoma mara mbili. Wa kwako angekwambia mkataba wake ni wa kawaida na haubadilishwi.

Jambo la haraka kabla hujafunga ukurasa huu. Siku ya kukamilisha mauzo anaweza kuleta karatasi ya kupokea pesa yenye maneno "tumepokea malipo kamili na hatuna dai lolote". Mmoja wenu akisaini ile, haya yote niliyoandika yatakuwa magumu mara kumi. Futeni hayo maneno kwa kalamu, andikeni "tumepokea kiasi hiki tu, madai mengine yamehifadhiwa", kila mmoja aweke saini pembeni, na mpige picha karatasi kabla haijatoka mezani.